Nimezuiwa kuwaona wanangu. Je, nisitishe matunzo?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume wa miaka 4. Mimi na mke wangu tumetengana. Niliyehama ni mimi. Nilipanga chumba karibu na kazini kwa sababu ilifika mahali kila jioni ni ugomvi, na watoto wakisikia sauti zetu wanakwenda kujifungia chumbani. Hatujawahi kupigana wala kutishiana, hilo naapa. Tulichokana tu. Talaka hatujaomba na hatujaandikishana kitu chochote.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Jumamosi nilikuwa nawachukua watoto asubuhi na kuwarudisha jioni, na mshahara ukitoka nampa mama yao fedha ya matumizi mkononi. Kisha kazini mishahara ikaanza kuchelewa. Nikamwomba avumilie. Jumamosi iliyofuata nilifika mlangoni nikaambiwa watoto wamelala. Nyingine, wamekwenda kwa bibi yao. Mwisho akanitamkia mwenyewe: "Leta hela ndipo uwaone." Mshahara ulipotoka nilikuwa nimeshaudhika, nikasema kama siwaoni basi na mimi sitoi. Tangu siku hiyo sijatoa, naye hajanipa watoto.

Kaka yangu anasema mtoto ni wa baba, niwapitie shuleni niondoke nao, mama yao atanitafuta mwenyewe. Rafiki yangu kazini anasema nisitoe hata senti mpaka mahakama iniamuru, maana kutoa ni kama kukiri kosa.

Sasa limezuka jingine. Mke wangu amepata kazi nchi nyingine. Ameniletea karatasi niitie saini, imeandikwa kwamba mimi baba ninaridhia watoto wasafiri na mama yao. Tarehe ya kurudi haimo. Ananiambia ni ya pasipoti na viza tu, na nikisita anasema nawazibia watoto riziki. Kuhusu nyumba, tulijenga wote ila hati ina jina lake pekee, na ndugu wananiambia kwa kuhama nimeshaipoteza.

Shangazi, kilichonifanya nikuandikie ni ujumbe wa binti yangu. Aliutuma usiku kwa simu ya mama yake: "Baba, nimesikia nitaulizwa mahakamani nachagua nani. Nikikuchagua wewe mama atalia?" Sijamjibu hadi leo. Sijui niandike nini.

Baba wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mahakama, kabla ya nyumba na hiyo karatasi, mjibu binti yako. Mjibu leo. Kila siku inayopita bila jibu, mtoto wa miaka 10 analijaza pengo hilo mwenyewe, na kwa kawaida hulijaza kwa kujilaumu. Mwandikie kwa ufupi: "Mwanangu, hujakosea kitu. Kazi ya kuamua si yako, ni ya wakubwa. Unaruhusiwa kutupenda wote wawili. Baba yupo." Basi. Usimuulize nani kamwambia habari za mahakama. Usimtume salamu kwa mama yake. Ujumbe unaingia kwenye simu ya mama yake, kwa hiyo uandike ukijua atausoma, na akiusoma asikute hata neno moja la kumchoma.

Alichokisikia mtoto kina ukweli nusu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi 196 zimeuridhia, unasema katika Ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kusikilizwa si kupewa mzigo wa kuchagua. Mara nyingi mtoto hazungumzi mbele ya wazazi wake. Huzungumza na afisa ustawi wa jamii au mtaalamu aliyeteuliwa, au na jaji mwenyewe faraghani. Watu hao wamezoea kusikiliza watoto, na mtoto aliyefundishwa la kusema humtambua mapema. Kwa hiyo nakuomba wewe na mama yao msimtayarishe binti huyu kwa lolote.

Sasa fundo lenyewe. Yeye amefunga mlango kwa sababu hujatoa, wewe umefunga mkono kwa sababu hujawaona. Kila mmoja anaona anamwadhibu mwenzake. Mwanangu, mwanao hakuacha kula siku ile ulipozuiwa mlangoni. Viatu vyake havikuacha kubana. Na mama yao naye akumbuke kwamba mtoto hakuacha kumhitaji baba siku mshahara ulipochelewa. Matunzo na kuonana ni haki mbili za mtoto, na kila moja inasimama peke yake. Ibara ya 9 ya Mkataba huo inasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuwasiliana na kuonana na wazazi wake wote wawili mara kwa mara, isipokuwa pale inapoonekana kwamba kufanya hivyo kunamdhuru. Ibara ya 27 inazungumzia matunzo kando kabisa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 nao unasema mtoto asinyimwe matunzo kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake.

Mahakama za nchi nyingi huyachukulia hivyohivyo. Ukisema "sikutoa kwa sababu nilinyimwa watoto", huo si utetezi. Mama naye akisema "nilimzuia kwa sababu hakutoa", hana utetezi. Kila kosa lina dawa yake: asiyetoa matunzo anaweza kukatwa kwenye mshahara, kukamatiwa mali, na pengine kufungwa akithibitika kukaidi akiwa na uwezo, anayezuia watoto anaweza kuitwa kujieleza mahakamani, na akiendelea mpangilio wa malezi unaweza kubadilishwa. Kwa hiyo hilo la rafiki yako wa kazini uliache. Kumlisha mwanao hakukiri kosa lolote. Siku utakaposimama mbele ya hakimu, karatasi itakayokutetea kuliko zote ni ile inayoonyesha kwamba ulitoa kabla hujaamriwa.

Anza na mwezi huu. Usimpe mkononi tena, wala usipitishe kwa kaka. Tuma kwa benki au kwa simu, na mahali pa maelezo andika "matunzo ya watoto" na mwezi wenyewe, ili miaka miwili baadaye mtu asiseme ilikuwa deni au zawadi. Ukinunua baiskeli au nguo ni jambo jema, lakini usilikate kwenye matunzo bila kukubaliana na mama yao kwa maandishi, maana mahakama nyingi huhesabu manunuzi ya namna hiyo kama hiari yako. Na mshahara ukichelewa tena, sema mapema, tuma hata nusu. Hili ulishike hasa baada ya kupata amri ya mahakama: amri ikishatoka, kiwango hakishuki kwa wewe kupunguziwa kazi. Kinashuka pale mahakama inapokipunguza, na ni wewe wa kwenda kuiomba, haraka. Nimeona wanaume waaminifu wakizama hapo. Kazi inapotea, anaona aibu kurudi mahakamani, miezi inajikusanya, na malimbikizo hayafutiki kirahisi. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 1986 kuna sheria inayomzuia hakimu kurudi nyuma na kufuta malimbikizo yaliyokwisha kuiva.

Ukishatuma, mwandikie mama yao kitu kama hiki:

"Mama watoto, habari za asubuhi. Nimetuma matunzo ya mwezi huu. Ya nyuma nitalipa pole pole, nitakuandikia pendekezo langu kufikia Ijumaa. Naomba niwachukue watoto Jumamosi saa 3 asubuhi, niwarudishe saa 11 jioni. Kama siku hiyo haifai, nitajie nyingine."

Hamna lawama, hamna kitisho cha wakili, na fedha haikutajwa kama bei ya kuwaona watoto. Akikataa, umepata kumbukumbu. Akikubali, fika saa ile ile uliyosema, na warudishe kwa wakati. Akijibu kwa matusi usijibu tusi. Mawasiliano yenu yote kuanzia sasa yaandike kana kwamba yatasomwa kwa sauti mbele ya watu, maana huenda yakasomwa.

Mfikirie pia huyu mdogo. Mtoto wa miaka 4 hana hesabu ya majuma. Kwake wiki mbili bila baba ni safari ndefu sana. Yeye anafaa kukuona mara nyingi kwa muda mfupi kuliko kukuona mara moja kwa siku nyingi. Kama kwa sasa kuonana mlangoni kunawagombanisha, pendekeza mpokeane shuleni: mmoja anampeleka asubuhi, mwingine anamchukua mchana, na nyinyi wawili hamkutani. Simu za video jioni, saa maalumu, dakika chache, nazo zimo katika kuonana. Ziandikeni kwenye makubaliano.

Kuhusu kaka yako, najua anakupenda na anaumia kukuona hivyo. Lakini usiwachukue watoto shuleni na kuondoka nao. Kwa kuwa hamna amri ya mahakama, inawezekana sheria ya mahali ulipo inawapa wote wawili mamlaka sawa juu ya watoto, na ndiyo maana watu hudhani hakuna kosa. Kinachofuata ni kwamba mama anakwenda mahakamani kwa maombi ya dharura, anasikilizwa upande mmoja, na siku hiyohiyo unatoka amri dhidi yako. Hadi utakapopata nafasi ya kujieleza, wewe ndiye mzazi aliyewatoa watoto darasani bila kuaga. Na binti yako, ambaye tayari anaogopa machozi ya mama, atakuwa ameyaona.

Na hilo la "mtoto ni wa baba" lilikuwa sheria kweli, na watu waliumizwa nalo. Uingereza ya zamani baba alikuwa na haki karibu yote. Mwaka 1836 Caroline Norton alinyang'anywa wanawe watatu na mumewe, na sheria haikumpa pa kushika. Alipigania jambo hilo kwa kalamu yake hadi Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1839 iliyomruhusu mama kuomba akae na watoto walio chini ya miaka 7. Baadaye mahakama nyingi zikaegemea upande wa pili, mtoto mdogo akawa ni wa mama bila kuuliza. Leo, ingawa mila na dini bado zina nafasi katika sheria za nchi kadhaa, swali linalotawala kwingi ni moja: maslahi ya mtoto huyu, aliyeko mbele yetu, yako wapi? Hakimu ataangalia nani amekuwa akimwamsha, akimpeleka kliniki, akihudhuria vikao vya shule. Ataangalia ndugu hawa wawili wasitenganishwe. Na ataangalia ni mzazi yupi anayemwezesha mtoto kuwa na mzazi mwingine. Hili la mwisho wengi hawalijui, na lina uzito mkubwa. Mzazi anayemkata mwenzake hujidhoofisha mwenyewe.

Umesema hamjawahi kupigana, nami nakuamini, ndiyo maana nakushauri mkae mezani. Msomaji mwingine ambaye nyumbani kwake kuna kipigo au vitisho asifuate njia hii. Yeye aanze na usalama: polisi, amri ya ulinzi, na watoto waonwe mahali penye msimamizi. Usuluhishi unahitaji watu wawili wasioogopana.

Sasa karatasi. Usiitie saini kama ilivyo. Sisemi umzuie mke wako kufanya kazi. Nasema karatasi hiyo imechanganya mambo matatu: kuombewa pasipoti, kusafiri na kurudi, na kuhamishiwa nchi nyingine. Kila moja lina uzito wake. Upo Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 kuhusu watoto waliohamishwa kimataifa kinyume cha haki. Unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16, na kati ya nchi zilizojiunga unataka arudishwe haraka kwenye nchi aliyokuwa akiishi. Hauamui nani akae naye. Unamrudisha ili mahakama ya kule iamue. Lakini una milango ya kutokea. Mmojawapo ni huu: kama mzazi anayelalamika aliridhia mtoto ahame, mahakama inaweza kukataa kumrudisha. Karatasi yenye saini yako, isiyo na tarehe ya kurudi, inaweza kusomwa kuwa ndiyo ridhaa hiyo. Mlango mwingine ni muda. Ukikaa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufungua maombi, na watoto wakawa wamekwisha kuzoea makazi mapya, kurudishwa kunaweza kukataliwa. Na kama mojawapo ya nchi hizo mbili haimo kwenye Mkataba, njia inakuwa ngumu zaidi.

Kama ni matembezi, mpe barua nyingine mliyoiandika upya: majina kamili ya watoto na namba za pasipoti, nchi wanayokwenda na anwani watakayofikia, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, na sentensi moja isiyo na kona, "Ruhusa hii ni ya safari tu, si ridhaa ya kuhamisha makazi ya watoto." Itieni saini mbele ya wakili au ofisa anayetambulika, ubaki na nakala.

Kama ni kuhama, basi zungumzeni kuhama. Inawezekana kazi hiyo ni neema kwa watoto, na mzazi anayekataa kila kitu kwa hasira naye huonekana. Mwambie mama yao akuonyeshe wataishi wapi, shule gani, nani atakaa na mdogo akiwa kazini. Nawe sema unachotaka: likizo zipi watakuwa kwako, nauli italipwa na nani, simu ni saa ngapi kwa saa za pande zote mbili. Mkikubaliana, makubaliano hayo yawe amri ya mahakama ya hapo mlipo kabla ya ndege kupaa, kisha wakili aangalie jinsi ya kuifanya itambulike kule wanakokwenda. Kuna Mkataba wa The Hague wa mwaka 1996 unaosaidia amri za malezi kutambuliwa kati ya nchi wanachama, na mwingine wa mwaka 2007 wa kudai matunzo kuvuka mipaka. Msipokubaliana, mahakama ndiyo iamue, na unaweza kuomba amri ya muda ya kuzuia watoto kutoka nchini hadi shauri lisikilizwe.

Nyumba haijakuponyoka kwa sababu umehama. Jina kwenye hati ni mwanzo wa hesabu tu. Kwingi mahakama huuliza mali ilipatikana lini na kila mmoja alichangia nini, na kazi za nyumbani na kulea nazo huhesabiwa kuwa mchango. Kusanya risiti za vifaa vya ujenzi, taarifa za benki na za mkopo, na umuulize wakili kama unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati ili isiuzwe kimyakimya. Ila usiichanganye nyumba na watoto katika mazungumzo ya siku moja. Nimeshuhudia wazazi wakikubaliana vizuri kuhusu wikiendi na likizo, kisha neno "hati" likatajwa, na yote yakavunjika.

Wala msisubiri talaka. Katika nchi nyingi mnaweza kupata amri ya malezi na matunzo mkiwa mmetengana tu. Tafuteni msuluhishi asiye ndugu wa upande wowote, andikeni mlichokubaliana, kisha kipelekwe mahakamani kisajiliwe kuwa amri ya makubaliano. Karatasi mliyosainiana sebuleni ni mwanzo mzuri, lakini siku mmoja atakapobadili mawazo itakuwa vigumu kuitekeleza.

Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe huyohuyo wa mke wako, hata kama mnaelewana. Huna uwezo, ulizia ofisi ya msaada wa kisheria au kliniki ya sheria ya chuo kikuu. Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, taarifa za mshahara, kumbukumbu za fedha ulizotuma, nakala ya karatasi aliyokuletea, na zile jumbe zenu zote bila kufuta hata moja, zikiwemo zile zinazokuaibisha wewe. Kabla hujagusa habari za nyumba, muulize kwanza kama nchi yenu na ile anayokwenda mkeo zote zimo kwenye Mkataba wa mwaka 1980, na ni siku ngapi zinahitajika kupata amri ya muda kabla ya tarehe ya safari.

Shangazi